Barua kutoka Lamu, mwisho wa Shaabani

Shoga yangu kipenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako niliupata, na maswali yako yote ninayo, lakini majibu yake hayaenei kwenye simu. Nimeona heri nikae kitako nikuandikie barua nzima, kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipoolewa ukaenda bara. Sisi sote wazima, alhamdulillahi. Mama akusalimu sana, na Bibi haachi kuniuliza kama umepata mtu wa kukusuka nywele huko Nairobi.

Kaskazi mwaka huu imeshika barabara. Mbinguni hakuna wingu, mvua hatuijui tangu Desemba, na upepo wavuma mchana kutwa. Nguo ukizianika saa nne, adhuhuri ushazikunja. Usiku twalala darini. Wako wanaolalamikia joto, mimi huu ndio msimu wangu. Sokoni embe ngowe zimejaa, zile ndefu zenye ncha iliyopinda, tamu, hazina nyuzi. Na mwasumini ulikuwa umechanua mpaka sikuwa na pa kuyaweka maua. Shaabani nzima harusi zimefuatana, kila mwenye binti ataka kumaliza kabla mwezi haujaandama, na jioni zangu zimepita sindano na uzi mkononi.

Nianze na mwasumini wako, maana najua hilo ndilo linalokukera. Wasema umerefuka, umejaa majani, na ua hata la kutia nyweleni halitoki. Shoga yangu, mwasumini maua yake huyatoa kwenye matawi mapya. Tawi likishachanua limemaliza kazi yake. Ukiuonea huruma ukauacha ujiendee, utapata kichaka kizuri cha kijani na hutapata kingine. Ukate. Chukua mkasi mkali, kila tawi lililokwisha kuchanua ulirudishe nyuma kiasi cha theluthi, ukikata juu kidogo ya kifundo chenye majani mawili, na yale makavu ya ndani uyatoe kabisa ili hewa ipite. Kisha utie samadi iliyooza, umwagilie, uuweke juani. Jua la asubuhi peke yake kwenye roshani halitoshi. Huu mti wataka jua la nusu siku au zaidi. Hapa kwetu baada ya wiki nne hadi sita vichipukizi vipya huwa vina vitumba. Kwenu usiku kuna baridi, kwa hiyo huenda ukangoja zaidi, na ikifika Juni na Julai uache upumzike, usiulazimishe kwa mbolea.

Kitu kimoja mmetushinda, nacho ni udongo, kama mtaani kwenu ni ule mwekundu. Ardhi yetu ni ya matumbawe, imejaa chokaa, na chokaa huuzuia mmea kupata madini ya chuma hata kama yamo ardhini. Ndiyo maana miasumini mingi ya mjini hapa utaiona majani yake machanga ni manjano, mishipa peke yake imebaki kijani. Watu hudhani ni kiu, wakazidi kumwaga maji. Si kiu. Mimi natia samadi na majani yaliyooza mwaka mzima, tena kwa wingi, na mti wangu majani yake yakawa yang'aa. Samadi Lamu si kitu cha kutafuta, punda wamejaa mlangoni. Ila mbichi huunguza mizizi. Naichanganya na majani makavu, naifunika kwa gunia, naigeuza mara kwa mara mpaka harufu ya zizi iondoke na ibaki harufu ya udongo tu. Hapo ndipo hutiwa.

Maji ndiyo shughuli hasa. Wakumbuka maji ya mji huu yatoka visima vya Shela, kijiji jirani, chini ya vile vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha mchanga huinywa, maji yakashuka mpaka yakakaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Yakivutwa kwa kiasi hubaki matamu. Yakivutwa kwa pupa, chumvi hupanda. Basi wakati kama huu, mvua iko mbali na wageni wamejaa, mimi bomba kitaluni silitumii kabisa, na kila jirani anayenisikiliza namwambia afanye hivyo. Natumia maji ya udhu, ya kuoshea mchele na ya kuoshea mboga, ilmuradi hayana sabuni. Ya kisima chetu yana chumvi: mnazi wayavumilia, mkomamanga wayavumilia, mwasumini hauyataki, ncha za majani huungua. Namwagilia alfajiri, na tena Alasiri ikishapita, kwenye shina, si juu ya majani. Na chini nimetandaza makumbi ya nazi. Ukiyafunua saa saba mchana, juu yake pamewaka moto hutii mguu, chini yake udongo ni baridi na mnyoo ajikunja akikimbia mwangaza. Nawe kwenye chungu chako tandaza chochote, makumbi, majani makavu, hata maganda ya njugu.

Mengine kitaluni ni mazuri, sitakuchosha nayo. Mchicha nimeuvuna na kuupanda tena. Bamia zatoka. Tungule zilipata vidukari, nikaloweka majani ya mwarubaini usiku kucha, nikanyunyiza jioni, vikaondoka. Mrehani umejipanda wenyewe hadi kwenye ufa wa ukuta, na ndege chozi waja kwenye mkomamanga kila asubuhi, yule mweusi na yule mwenye kifua cha kung'aa, wagombana.

Lakini asumini ndiyo iliyonishika mwaka huu. Kuichuma nilikuwa nikiona ni kazi ya watoto, mpaka Bibi alipokuja kukaa nami kitaluni na kiti chake akanionyesha. Huchumwa alasiri, ingali kitumba. Kitumba kichanga kina rangi ya kijani shingoni. Kilichokomaa kimenenepa na kugeuka cheupe chote. Ukikishika kwa kidole na gumba kikakufuata bila kuvutwa, ni chako; kikikataa, kiache hadi kesho. Asiyejua huchuma yaliyokwisha kufunguka kwa kuwa ndiyo anayoyaona, na kufikia usiku yamekuwa manjano. Kitumba ukikitunga saa kumi na moja, bi harusi akitoka saa tatu usiku ua limefunguka juu ya nywele zake, na harufu ndiyo kwanza yaanza. Sindano hupitishwa kwenye kikonyo, na kila kitumba kielekezwe upande wake, kimoja kulia kimoja kushoto, uzi usionekane. Bibi macho yake hayaoni tundu la sindano tena, namtungia mimi uzi, lakini vidole vyake, wallahi, vyaenda bila macho. Vikuba navyo, vile vishada vya maua vya kifuani, alivifunga yeye: rehani katikati, ua la mkadi lililochanwa vipande vyembamba, langilangi, waridi, na asumini kuzunguka. Harusi ya binti wa shangazi yangu kila mwanamke aliyepita mlangoni alibandikwa kikuba kifuani. Nilisimama kizingitini nikivuta pumzi tu.

Sasa nije kwenye lile ulilolikosa. Vunja jungu mwaka huu, ile karamu ya kabla ya kufunga, tulikwenda kulifanyia Takwa, kwenye magofu ya kisiwani Manda.

Wajua Takwa huendi utakavyo wewe, waenda bahari itakavyo. Ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni kule Manda hupitika maji yakijaa, na yakipwa chombo hukaa matopeni. Lakini mwisho wa mwezi ni bamvua, yale maji makubwa, na bamvua huku kwetu hujaa alasiri, kwa hiyo siku za vunja jungu na maji ya Takwa hupatana vizuri. Nahodha akatupangia: asubuhi Shela, tuswali Adhuhuri huko, kisha tupande na maji. Tulijaa mashua mbili, wanawake, watoto, vijana wa kubeba masufuria, na mjomba wetu na udi wake, ile ala yake ya nyuzi. Udi alikuwa ameufunga kwa leso mbili, ameukumbatia mwenyewe, hakuna aliyeruhusiwa kuugusa.

Shela tulistaftahi kwa mahamri na mbaazi chini ya kivuli cha ukuta, watoto wakaenda kuviringika mchangani. Mchana tukatweka. Upepo ulikuwa nyuma kidogo ya ubavu, tanga limejaa sawasawa, hakuna aliyetapika. Tulipoingia mikokoni upepo ukakatika ghafla, tanga likateremshwa, vijana wakashika pondo, ile miti ya kusukumia chombo, na pakawa kimya hata wasikia kaa wakitambaa kwenye mizizi. Hapo ndipo mpwa wangu mdogo alipoanza kupiga tari polepole, kwa ncha za vidole, na pondo zikafuata pigo lake bila mtu kusema.

Muziki hatukuupigia ndani ya magofu. Pale pana msikiti na makaburi, na lile kaburi la mnara mpaka leo watu wa Shela huenda kuliombea dua ya mvua, kwa kuwa wazee wao husema asili yao ni Takwa. Mji ule ulistawi karne ya 15 hadi ya 17, kisha watu wakahama. Tulizuru kwanza, tukasoma Fatiha, na mimi, nitakwambia ukweli, niliomba mvua za mwaka huu zije kwa wakati na zishuke Shela. Ndipo tukatoka nje ya ukuta, tukatandika mikeka chini ya mbuyu, tukala: pilau, samaki wa kupaka, mikate ya mofa, embe za pilipili na chumvi, na kahawa chungu kwa halua. Bibi alikula embe peke yake, pilau hakuitazama.

Mjomba alipofungua udi, nyuzi zote zilikuwa zimepotoka sauti. Mbao zake ni nyembamba, hunywa unyevu wa bahari. Udi una nyuzi kumi na moja, jozi tano na mmoja mnene ulio peke yake, na shingoni hauna vigawanyo kama gitaa, kwa hiyo kidole kikikosea upana wa unywele, sauti yatoka njiani. Alizirekebisha moja moja, akiinama mpaka sikio limegusa ubao, akipiga, akisikiliza, akirudisha kidogo. Ilichukua muda mrefu. Wasichana wakaanza kunong'ona, mmoja akatoa simu apige nyimbo zake. Bibi akasema, "Mwacheni, anazungumza nao." Simu ikarudi mkobani.

Shoga, alipoanza! Hakuimba kwanza. Alipita pita kwenye nyuzi za chini, akapanda, akakaa mahali pamoja akiitikisa ile sauti kwa kidole, dumbaki ikaingia nyuma yake, kisha tari. Ndipo akafungua kinywa. Alituimbia zile nyimbo za marehemu Zein l'Abdin, yule mwimbaji na mpiga udi, mtoto wa Lamu huyu aliyetutoka 2016, na kila beti akilimaliza sisi twalirudia kitikio. Nilikuwa nikizisikia tangu utotoni redioni, jikoni, nikipita. Kukaa chini hatua mbili kutoka kwa mpigaji ni jambo jingine kabisa. Kila neno nililisikia. Mjomba alitukumbusha kwamba Zein aliimba mashairi aliyoandikiwa na Ahmed Sheikh Nabhany, naye ni wa huku huku, na kwamba mpigaji hodari hupunguza mkono shairi linaposema na huongeza mkono shairi linaponyamaza. Tangu aseme hivyo nimekuwa nikilisikiliza hilo kila mahali.

Hapa ndipo nina neno langu, nawe utanivumilia. Harusi zote za Shaabani hii nilizokwenda ni kinanda cha umeme na spika mbili kubwa ukutani. Watu wacheza, wafurahi, siwazuii. Lakini shairi halisikiki. Mtu ametunga, amepima mizani, amepanga vina vya kati na vya mwisho, na sote twajua kitikio tu. Nyumba zetu hizi za mawe ni ndogo, uani hapatoshi watu wengi. Udi na tari na sauti ya mtu vyapajaza vizuri. Nimemwambia Mama, arusi ya mdogo wangu ikifika, nitamwomba mjomba, na kama ni gharama ya kumleta mtu wa fidla kutoka Mombasa nitaitoa mimi. Mama amenikubalia. Usishangae, amekubali palepale.

Bibi naye akaanza kusimulia habari za kibangala, ule udi mdogo wa kale uliochongwa kwa kipande kimoja cha mti na kuwambwa ngozi, jinsi alivyokuwa akiusikia utotoni kutoka nyumba ya pili, yeye na dada zake wamelala darini wakijifanya wamesinzia. Sauti yake, asema, ilikuwa ndogo na kavu, na ilifika mbali. Halafu akaitisha pembe. Kumbe alikuwa ameziweka mkobani tangu nyumbani! Zile pembe zake nyeusi za vugo, ile ngoma ya wanawake ya harusini, zimelainika kwa kushikwa mpaka zang'aa, na vijiti vyake. Akagawa: moja kwa Mama, moja kwa shangazi, moja akanitia mimi mkononi. Pembe huishiki kwa nguvu. Ukiibana sauti yafa. Waiacha ikae kiganjani, wapiga kwa kijiti karibu na mdomo wake, na yatoa mlio mfupi, mkavu, unaopenya. Wanawake wakainuka kwa safu, leso kiunoni, mwendo ule wa taratibu wa vugo, na Bibi akakaa kitini akitupa maneno papo hapo, yale ya kumsifu bi harusi wa juzi, ya kumtania mama mkwe, vigelegele vikipasua mbuyu. Kisha akanigeukia akanitazama, akatunga hili, nami nililiandika usiku ule nisilisahau:

Asumini naichuma, naitunga nina hamu,
Mwezi utapoandama, urejee kwetu Lamu.

Alikukusudia wewe. Aliliimba hata mashangazi wakalishika kitikio, jina lako likitajwa kila mzunguko. Nami nililia, sikujificha.

Tungekaa mpaka usiku, ila nahodha alikuwa ameshaanza kuita. Maji yalishaanza kutoka. Tukakunja mikeka mbio mbio, masufuria yakaingia chomboni hayajaoshwa, mashua ya pili ikagusa tope mara moja na vijana wakashuka kuisukuma. Njiani mjomba hakupiga tena. Ramadhani yote udi utakaa sandukuni, kama wajua desturi, na hatuusikii mpaka Idi.

Siku iliyofuata nilifanya lile ninalokwambia ufanye. Niliukata mwasumini wote. Majirani walipiga ukelele, kitalu kizima kimebaki vijiti, wakati bado ulikuwa na maua. Lakini hesabu ni hii: mwezi wa kufunga hakuna harusi, hakuna wa kuvaa koja, na nikiukata mwisho wa Shaabani, vichipukizi vina Ramadhani nzima ya kukua, na kwa rehema za Mola vitumba vya kwanza viwahi Idi. Tayari vifundo vya chini vimevimba, nimeviona leo asubuhi, vyekundu kidogo kwenye ncha. Matawi niliyoyakata sikuyatupa. Yale yaliyo katikati, si laini sana wala si makavu, nimeyakata urefu wa shubiri, nikayatoa majani ya chini, nikayazika vifundo viwili ndani ya mchanga na samadi, kivulini. Mizizi itatoka kiasi cha mwezi hivi. Bibi amechagua mawili akasema hayo ni ya Nairobi.

Kwa hiyo shoga, njoo Idi. Mwambie baba watoto kwamba ni Bibi aliyesema, hatakataa. Mkija kwa gari mpaka Mokowe nijulishe saa, nitamtuma kijana na boti aje kuwapokea, msihangaike na mizigo gatini. Chumba cha juu kile chenye dirisha la kitaluni nimekifagia. Nina maombi mawili tu. La kwanza, niletee mfuko wa ule udongo mwekundu, hata wa kilo chache, nijaribu kuuchanganya kwenye chungu kimoja nione majani yatafanyaje. La pili ni la mjomba: uzi wake mnene wa udi umeanza kuchanika kwenye kigingi, na hapa hakuna auzaye. Ukipita duka la ala za muziki huko mjini uliza seti ya nyuzi za udi, si za gitaa, muuzaji akikwambia ni sawasawa usimkubali. Bei yake nitakutumia kwa simu ukinijulisha.

Nijibu upesi, na uniambie umeukata au bado.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Langoni